Assume, na Matanga Yasiyo na Maiti

Kitenzi cha Kiingereza "assume" nimekifundisha miaka mingi, na bado kinanitia hasira. Wanafunzi wangu, wahudumu wa hoteli za Diani, hushikilia kwamba maana yake ni moja tu: kudhani. Hasha! Asili yake ni Kilatini, na huko kilimaanisha kutwaa, kujichukulia kitu. Ndiyo maana hata leo Mwingereza hukitumia kwa mtu aliyejitwika kazi, na kwa mtu aliyevaa sura isiyo yake. Anayedhani naye kajitwalia jambo ambalo hakupewa. Sisi wenyewe husema "kuchukulia", na ndani yake mna kuchukua, kwa hiyo Mlatini hana la kutufunza.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyaeleza siku ile darasa lilipohamia nyumbani kwetu Bongwe, kwa kuwa chumba chetu cha Ukunda kilikuwa kikipakwa rangi. Niliazima turubai na viti vya plastiki, nikavipanga mbele ya nyumba baada ya adhuhuri. Mama alikuwa ndani amelala. Magoti yalikuwa yamemfunga nyumbani, na kila siku alininung'unikia kwamba watu wamemsahau. "Nikifa," alisema, "nitazikwa na wewe na paka." Na kweli hakuna aliyekuwa akibisha hodi.

Sasa, kwetu turubai halihitaji maelezo. Kama hukualikwa harusi, basi ni msiba, na msibani hatuulizi nani kafa. Ni utovu wa adabu. Unakuja, unakaa, utajua mbele ya safari.

Alianza mzee wa nyumba ya pili. "Makiwa, mwanangu," akaniambia, akaketi. Nikadhani ana msiba wake, nikampa pole. Tukabaki kupeana pole. Mara wakaingia kina mama na masufuria, leso wamejitanda. Wanaume wawili wakapita na majembe kuelekea makaburini. Wanafunzi wangu walipofika, na suruali nyeusi na mashati meupe ya kazini, waliona umati wakainamisha vichwa. Mmoja wao, kijana wa bara, akaninong'oneza, "Pole sana, ticha. Si ungetushow tu tuahirishe class?"

"Class ndiyo hii!" nikasema.

Akanipapasa bega. Alijua ni uchungu.

Nilipanda juu ya kiti nieleze, lakini sauti yangu ilimezwa na kilio. Jirani yetu, ambaye mbuzi wake alimtafunia mama leso mpya hadi wakanuniana, alikuwa ameingia akilia kuwashinda wote: "Shoga yangu! Umeniacha kabla hatujasameheana!"

Mlango ukafunguka. Mama akasimama na mkongojo wake, macho mekundu kwa usingizi.

"Nani kafa?"

Viti vilipinduka. Yule kijana wa bara aliruka ua, na ni mtu mnene. Jirani peke yake hakukimbia.

"Ni wewe," akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi?" Mama akatazama masufuria, akawatazama watu waliokuwa wakichungulia nyuma ya migomba. Kisha akaangua kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. "Na wote hawa ni wangu?"

Wali ulikuwa umeshawekwa motoni, ukaliwa. Waliokwenda kuchimba waliitwa warudi, wakala sahani mbili mbili kwa hasira. Mama alikaa katikati, jirani ubavuni pake, wakihukumu kesi ya mbuzi na leso. Kitenzi changu chote kilifundishwa bila mimi: watu walidhani, wakavaa nyuso za huzuni, wakajitwika kazi. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Mwaka jana turubai lilisimama tena, safari hii kweli. Watu walichelewa. Walikuwa wameshapata funzo: kila nyumba ilimtuma kwanza mtu wa kuuliza, kwetu ambako msibani hakuulizwi. Niliwakasirikia, kisha nikacheka, kisha nikalia sana. Jirani yetu hakutuma mtu. Alikuwa ndani tangu alfajiri, amekaa kitandani, mkono wa mama ungali mkononi mwake.