Mti Niliouhutubia

Treni ilichukua siku mbili kunifikisha Kaliua kutoka Dar, na njia nzima nilimsimulia jirani yangu wa kiti jinsi ninavyoujua msitu wa baba. Tulipofika Tura alikuwa amelala. Nikaendelea.

Shangazi ndiye aliyeniita. Msitu ambamo marehemu baba alitundika mizinga ya nyuki ulifungwa nikiwa darasa la tano, ukaitwa hifadhi, na sisi tukaitwa wavamizi, wa kuingia kwa kujificha. Sasa ukoo utakaoonyesha mti wenye alama yake ya zamani utaruhusiwa kurina asali tena. Usioonyesha, basi tena. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, na kwenye simu nilisema, "Nitaupata hata mkinifunga kitambaa machoni."

Asubuhi nikatangulia. Nyuma yangu bwana misitu na wazee wawili wa kijiji. Mwisho kabisa shangazi, na kidumu cha maji kichwani. Baada ya mwendo mrefu nikasimama mbele ya mti wa mninga wenye alama iliyochanjwa kwenye gome. Nikavua kofia. Nikasema hapa ndipo baba alinifundisha kukwea, hapa jasho letu lipo. Machozi yalinitoka kidogo.

Bwana misitu ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya pwani. Alinisubiri nimalize.

"Mnyamwezi, hiyo nimeichanja mimi mwaka juzi. Ni alama ya mpaka. Lakini we lia tu, mti unahitaji maji."

Hata wazee walicheka.

"Shangazi, mbona umeniacha nipotee?"

"Ulikuwa unaongoza kwa furaha mno, baba."

Akakata kushoto. Hatukwenda mbali. Kwenye mti mkubwa uitwao mtundu, gome lilikuwa limevimba kuzunguka mistari mitatu ya ukoo wetu. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea baba chakula kwenye kambi yake ya asali. Sikuwahi kumwuliza.

Kibali kikaandikwa kwa jina lake. Nikatangaza kwamba nimerudi moja kwa moja, nikatundika mzinga wangu. Mvua zikaja, zikaisha. Mizinga ya shangazi iliingia nyuki, wangu ukaingia siafu, nami nikaanza kuulizia siku za treni.

Nilimuaga kwamba naenda kutembea tu. Hakunibishia.

"Kwenye tawi lako nitundike mzinga wangu?"

"Tundika, shangazi."

Akajitwika kidumu chake, akashika njia ya msituni mchana kweupe, bila kugeuka kuangalia nani anamwona. Mimi nikashika ya stesheni.