Moto Niliotumwa Kuuzima

Jumanne. Asubuhi tulivu, mvua ya jana imeosha hewa.

Leo nimetumwa kuzima moto usiozimwa.

Kazi yangu huku Rangwe ni kusimamia mashine inayorusha mwali wa leza angani. Mwanga unaorudi hutuonyesha vumbi na moshi ulioko juu. Wiki hii tunapima hewa safi. Moshi ukiingia, siku tano za kazi zinatupwa.

Saa mbili asubuhi, moshi ukajaa kwenye skrini. Bosi akapiga simu kutoka Nairobi.

"Akoth, nani anachoma shamba? Mwambie azime!"

Nikashuka na hasira zangu. Mimi hutoka mjini Homa Bay kila siku, sikuwa na habari yoyote.

Nikaingia boma la jirani nikiuliza kwa sauti, "Nani amewasha huu moto?"

Wanaume waliozunguka gogo linalowaka wakageuka. Mama mwenye boma akanijia polepole, akaniita mwanangu kwa Kijaluo.

"Ni magenga, nyathina. Mzee ametuacha usiku. Unataka tuuzime?"

Magenga ni moto wa msiba wetu Wajaluo, na mzee huyo ndiye aliyetukubalia kuweka mashine shambani kwake.

"Hapana, Mama. Nisamehe."

Nikaketi na wanawake. Bosi akapiga tena.

"Umezimwa?"

"Hapana. Utawaka mpaka tumzike mzee."

"Basi andika chanzo cha moshi kwenye rekodi."

Nimeandika: tunamlilia mwenye shamba.

Marafiki, ninyi mngeandika nini?

Saa nne na robo usiku. Nalala.