Mnizike Kwetu: Maisha ya Sista Lynette Awuor wa Eldoret

Alizaliwa Eldoret, karibu na stesheni ya reli, mwezi wa Mei mwaka 1961, katika mji ambao wazee bado wanauita Sikisti Foo, kwa namba ya shamba lililokuwa hapo zamani. Narudia: alizaliwa Eldoret. Msomaji alishike hilo mapema, maana maisha ya mtumishi huyu wa Mungu, na hata mazishi yake, yaliharibiwa na watu wazima waliokataa kulishika. Baba yake, Johnstone Opondo, alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi ya reli. Mama yake, Waithira, aliuza viazi na mboga sokoni, naye alikuwa binti wa wakulima waliohamia kutoka Mkoa wa Kati. Walifunga ndoa kanisani bila jamaa wa upande wowote kuhudhuria. Wa kwa Opondo walisema kijana amepotea, na wa kwa Waithira wakasema msichana amepotea zaidi. Mtoto alipozaliwa usiku, baba akamwita Awuor, na padre akambatiza Lynette. Akakua akisema Kijaluo na baba, Kikuyu na mama, Kinandi na watoto wa jirani, na Kiswahili na dunia yote iliyobaki.

Wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti. Ulikuja kwa matanga. Mwaka 1977 Opondo alifariki, jamaa wakauchukua mwili na kuupeleka nyumbani kwao ziwani, kama desturi inavyotaka. Waithira na bintiye wakafuata. Huko walipewa chakula na mahali pa kulala, lakini siku zote za msiba waliitwa kwa neno moja tu: wageni. Mjane aliitwa mgeni kwenye kaburi la mumewe. Waliporudi Eldoret, msichana akamwambia mama yake maneno ambayo Waithira aliyasimulia hadi uzeeni: “Mama, mimi nataka kuingia nyumba yenye hakuna mgeni.” Waithira akamjibu, “Nyumba kama hiyo haiko, mwanangu.” Naye akasema, “Basi tutaijenga.” Miaka mitatu baadaye alijiunga na Masista wa Betania, akaweka nadhiri, akasomea ualimu hadi akapata shahada ya uzamifu, na mwaka 1993 shirika likamrudisha Eldoret.

Mwaka uliofuata askofu aliwaomba masista wafungue shule ya kuandaa makatekista na walimu. Historia rasmi inasema Chuo Kikuu cha Mtakatifu Blandina kilianzishwa na Baraza lake la uongozi. Huo ni uongo wa heshima. Wakati huo Baraza lilikuwa halijazaliwa. Kilianzishwa na Sista Lynette, fadha mmoja mzee aliyekuwa akikohoa, na madawati yaliyoazimwa parokiani, katika vyumba vitatu vya mabati upande wa Kimumu. Shamba lilitolewa na jirani, Mzee Kipkoech, mfugaji, aliyesema tu kwamba ng'ombe wake wanaweza kuzungukia upande ule mwingine. Sista alifundisha asubuhi, akapika mchana, na jioni akazibua mitaro. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sista Lynette jembe alipewa tangu siku ya kwanza. Uenyeji ndio alionyimwa.

Miezi ya mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozua mapigano ya kikabila, haihitaji maelezo kwa mtu aliyekuwa Eldoret. Barabarani walisimama vijana wenye silaha, na kila anayepita aliulizwa swali moja, lile lile tunaloulizana kwa tabasamu kwenye harusi na ofisini: “Kwenu ni wapi?” Siku hizo jibu lilikuwa uzima au kifo. Familia nyingi zilikimbilia Chuoni, miongoni mwao Mama Shiko, mwenye duka mtaa wa Pioneer, akiwa na watoto wake na nguo walizovaa. Siku ya pili vijana wakafika langoni. “Sista, toa hao wageni,” wakasema. “Hatuna shida na wewe.” Akatoka, akasimama nje ya lango, akalifunga nyuma yake. Akawasalimia kwa Kinandi, mmoja mmoja, kwa majina ya ubatizo, kwa kuwa wengi wao ndiye aliyewafundisha katekisimu. Kisha akasema, “Wageni sioni hapa. Hawa wako kwangu, na mimi kwetu ni hapa. Mkitaka kuingia, pitieni juu yangu.” Mzee Kipkoech akaja na fimbo yake ya kuchungia akasimama kando yake. Vijana wakaondoka. Wapo wanaoapa kwamba waliona mwanga juu ya kichwa cha Sista. Mimi nadhani waliona aibu, na aibu nayo ni neema, tena neema ambayo siku hizi ni adimu kuliko mianga.

Mwaka 2011 Chuo kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na Sista Lynette ndiye aliyeandika katiba yake. Mpangilio ni mzuri, na wanaoukalia leo wangefaa kujua ulikotoka. Askofu ndiye Chansela. Chini yake kuna Baraza, linalosimamia mali na kuajiri wakuu. Kuna Seneti, inayotunza masomo na mitihani. Kuna Naibu Chansela, anayebeba mzigo wote kila siku, na vitivo vitatu: Elimu, Uuguzi na Kilimo. Na kuna kanuni moja ambayo haimo katika katiba ya chuo kingine chochote ninachokijua: katika chumba cha kusaili walimu, wafanyakazi au wanafunzi, ni marufuku mtu kuulizwa kwao ni wapi. Alieleza sababu kwa ufupi. “Hilo swali lilikuja hapa na panga,” aliwaambia wajumbe wa Baraza. “Halitarudi na tai.” Wajumbe wote waliinua mikono, akiwemo mwenyekiti wao, Profesa Kituyi, msomi mpole, mkazi wa Elgon View, mtaa wa wenye nazo. Kisha wakamfanya Sista kuwa kaimu Naibu Chansela. Kaimu! Alikaimu miaka sita, akajenga maabara, akaongeza mabweni, na kila mwaka akaambiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Katika miaka hiyo walimjia watu wa kila upande. Jamaa za baba walikuja wakitaka kijana wao awe msajili. Akawaambia nafasi itatangazwa, aombe kama wengine. Wakaondoka wakisema huyu ni wa mama yake. Jamaa za mama walikuja wakitaka kazi ya kulisha wanafunzi. Wakapata jibu hilo hilo, wakasema huyu ni wa baba yake. Wanasiasa wa mahali wakaja wakitaka “mtu wetu” kitivo cha Kilimo, wakatoka wakisema huyu ni mgeni. Hivyo ndivyo mwanamke mmoja mwenye lugha nne alivyokosa hata watu wa kumwita wao.

Mwaka 2017 Baraza lilimwita hatimaye kumsaili kwa cheo alichokuwa amekifanyia kazi muda wote huo. Yaliyosemwa mle yanajulikana, kwa kuwa mmoja wa wajumbe aliona haya akayatoa. Mwenyekiti alipanguza miwani yake, akasema, “Sista, hii si mimi, ni watu wanauliza huko nje. Kwenu hasa, hasa, ni wapi?” Sista Lynette akamtazama. “Profesa, hilo swali tulilifunga. Wewe mwenyewe uliinua mkono.” Mwenyekiti akasema ni swali la kawaida tu. Naye akajibu, “Nilizaliwa huku chini, stesheni. Kwetu ni hapa. Kama hiyo haitoshi, andika sina kwetu, mimi ni sista.” Cheo akapewa mwingine. Hakukata rufaa wala hakumsema mtu. Alirudi kufundisha mwaka wa kwanza katika kitivo cha Elimu. Wanafunzi wanakumbuka kwamba kila alipokutana na Profesa Kituyi alimuuliza habari za watoto wake, na habari hizo alizisikiliza hadi mwisho. Mimi nisingeweza. Ndiyo maana naandika maisha yake, wala si yeye anayeandika yangu.

Saratani ya mifupa ilimpata mwaka 2021, akaivumilia zaidi ya mwaka mmoja. Aliuguzwa na Janice, mwanafunzi wa Uuguzi, ambaye anasema mgonjwa aliomba radhi kila alipogeuzwa. Mwezi wa Novemba 2022 walikuwepo kando ya kitanda chake Janice, mkuu wa shirika, na Profesa Kituyi aliyekuja kuaga. Sista akasema kwa sauti waliyoisikia wote watatu, “Mnizike kwetu.” Akafa asubuhi iliyofuata.

Hapo ndipo wasomi wote wa mji huu waliposahau Kiswahili. Kwetu ni wapi? Waliuliza kana kwamba neno hilo limeletwa na meli. Mwanamke aliyesema maisha yake yote “kwetu ni hapa,” langoni mbele ya mapanga na mezani mbele ya Baraza, eti hakujulikana alikuwa na maana gani! Jamaa za baba wakaja na basi kumchukua, wale wale ambao kwenye harusi ya wazazi wake hawakuja. Jamaa za mama wakaja kuwazuia. Masista waliomba kipande kidogo cha ardhi nyuma ya kanisa la Chuo. Baraza likakaa, likaomba dua ya kufungua, likajadili, likakataa. Wenyeji, lilisema, hawatakubali mgeni kuzikwa katika udongo wao. Likaomba dua ya kufunga. Mkuu wa shirika, akiwa amechoka na kugombania maiti, akampeleka kwenye nyumba mama ya shirika, safari ya siku nzima, mahali ambapo Sista Lynette hakuwa ameishi tangu unovisi, mafunzo yake ya kwanza ya utawa. Huko amelala hadi leo.

Juma moja baada ya mazishi, Mzee Kipkoech aliingia ofisini kwa Profesa Kituyi na gambuti zake zenye tope. Alikuwa mgonjwa siku zile, habari zikamfikia zimechelewa. “Mlimpeleka wapi Sista?” akauliza.

“Kwao, Mzee.”

“Kwao wapi?”

Profesa akamweleza kwa upole kwamba wenyeji wangekasirika.

“Wenyeji ni nani?” akasema Mzee. “Hii shamba ni mimi nilitoa. Nani aliniuliza?”

Kanisa halijatoa neno lake juu ya Sista Lynette, nasi hatulitangulii. Lakini watu wanasimulia. Huko Pioneer, mke na mume wa makabila mawili, waliokataliwa na wazazi pande zote, walimwomba Sista, akiwa tayari marehemu, awaombee mimba iliyokuwa hatarini. Mtoto ni mzima, anaitwa Awuor, na bibi zake wawili walikutana kwa mara ya kwanza kwenye ubatizo wake. Daktari anasema mimba kama hizo hupona. Kuhusu bibi hao, msimuulize daktari. Chuo nacho kimeupa ukumbi mpya jina lake, na kila Novemba Baraza hukaa humo likala wali na kuku kwa heshima yake. Ukutani wameandika “Binti wa Eldoret”. Ukuta wamempa; udongo wamemnyima.

Wewe unayemheshimu, usimwige kwa kusimama mbele ya mapanga, maana hilo huenda usiitwe kulifanya. Mwige mezani. Siku utakapokuwa na nafasi ya kugawa, na mtu asiye wa kwenu ameketi mbele yako akingoja, na lile swali likakufika ulimini, limeze. Kila mmoja wetu atafika langoni kwa Baba akiwa mgeni, bila jamaa wa kumsemea. Hapo hatutaulizwa kwetu ni wapi. Tutaulizwa tulimfungulia nani, na tulimnyima nani mahali pa kulala. Baraza na lianze kutafuta jibu.