Mvua Mbili za Jabia

Siku hizi nikienda Ndau napokewa vizuri sana, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Katika shirika letu la maji tuko watu watatu. Yuko afisa wetu, mwanamke wa bara mwenye elimu yake na subira yake, ambaye sote twamwita Madam. Yuko nahodha wa boti, mtu wa Amu, yaani Lamu, na mdomo wake haupumziki hata injini ikizimwa. Halafu mimi, niliyeishia darasa la nane. Kazi yangu ni kwenda visiwani kuangalia visima na majabia na kuzungumza na wanawake. Ndau ni kwetu upande wa baba, na nadhani ndiyo sababu nikachukuliwa. Kama ipo sababu nyingine, sijaambiwa.

Jabia la Ndau lilikuwapo kabla shirika halijakuwapo. Ni sakafu kubwa ya chokaa iliyolala mteremko. Mvua ikinyesha, maji huteremka yote mpaka pembe moja ya chini, na pale pana matundu mawili. Moja laingia kwenye birika lililochimbwa ardhini, hayo ndiyo maji ya kunywa ya kijiji. La pili layamwaga nje, mchangani, yakaenda baharini. Kizibo ni kimoja tu, kipande cha gogo kilichozungushwa matambara. Ukiziba tundu la nje, maji yanaingia birikani. Ukiziba la birika, yanakwenda zake.

Desturi ni kwamba mvua ya kwanza baada ya ukame haiingii. Msimu mzima mbuzi wamelala pale, kunguru wametua, vumbi limekaa. Tunafagia, tena miguu mitupu, lakini ufagio hautoi kila kitu. Kwa hiyo maji ya kwanza huachwa yaoshe sakafu yamwagike. Hata bibi zetu walifanya hivyo. Alichoongeza Madam ni bakuli, bakuli jeupe la bati lenye ua jekundu lililochorwa chini. Unakinga maji yanayoteremka, unatazama. Ukiliona ua vizuri, hamisha kizibo. Usipoliona, ngoja. Tulikubaliana hivyo kijiji kizima, na kizibo nikakabidhiwa mimi.

Mwaka huu mvua ilichelewa. Birika lilifika kwenye tope, watu wakawa wanakunywa maji ya kisima cha upande wa mikoko, ambayo yana chumvi hata chai haikubali maziwa. Mvua ilipokuja ilikuwa baada ya alasiri, na nilikuwa nimechuchumaa pale pembeni, kizibo kiko kwenye tundu la birika, bakuli mkononi. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amesimama juu ya ukingo na leso kichwani. Magoti yamemchoka, lakini alikuja.

"Yape mai ndia, mwanangu, yangie," aliniambia, akinionyesha tundu la birika.

"Bado machafu, shangazi."

"Machafu? Yatoka mbinguni hayo."

"Yanatoka mbinguni yanapita kwa mbuzi."

Mwanamke mmoja nyuma yake akadakia, "Mbuzi mwenyewe twamla, tutaogopa choo chake?" Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Nalikumbuka hilo, kwamba nilicheka.

Nilikinga, nikatazama. Maji ya kahawia. Nikamwaga, nikakinga tena. Ua lilianza kuonekana kama kitu kilichozama. Nikasema kidogo tu, kidogo tu. Basi mvua ikakatika. Haikupungua kwanza, ilikatika. Maji ya mwisho yakapita mbele ya miguu yangu, yakatoka kwa tundu la nje, mchanga ukayanywa. Hakuna aliyecheka tena. Shangazi alijifunga leso yake, akashuka ukingoni polepole, akaniambia, "Umefanya kazi yako." Angenitukana ningelala.

Tukaanza kuwaletea maji kwa boti kutoka Mokowe, mitungi ya plastiki imepangwa hata pa kuweka miguu hapakuwa. Nahodha kila tukitia nanga anatangaza: "Njooni, amekuja aliyeinywesha bahari!" Wanaume pwani wanacheka. Sikumkasirikia, maana ndiyo ilivyokuwa. Maji yalikuwa hayatoshi. Wasiopata walirudi kisimani mikokoni, na shangazi alikuwa mmoja wao, kwa sababu alikataa kupewa mbele ya watu wasije wakasema ni kwa ajili yangu.

Madam alikuja akazungumza na kijiji. Alisema, "Alifanya kama tulivyokubaliana. Na nyinyi mlikubali." Ni kweli walikubali. Ni kweli nilifanya sawa. Lakini nilimtazama shangazi akinywa chai yake ile ya chumvi, na usawa wangu sikuuona una faida gani.

Mvua ya pili ilitukuta tukishusha mitungi. Matone makubwa, na sakafu ilikuwa imeshachafuka upya, maana uzio wa miti uliowazuia mbuzi ulibomoka, wakarudi. Nilikimbia jabiani. Wanawake wakatoka na masinia na sufuria, wakayapanga chini ya mapaa ya makuti. Shangazi alikuja akasimama palepale pa siku ile. Safari hii alinitazama tu, na sijui kama alikuwa ananiomba au ananisamehe mapema. Huenda alikuwa anatazama mvua.

Nilikinga bakuli. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na kijani kibichi cha choo cha mbuzi kinaelea juu. Ua halikuonekana hata kivuli. Nikang'oa kizibo kwenye tundu la birika, nikakishindilia kwenye la nje.

Vigelegele vilipigwa mpaka nahodha akavisikia pwani.

Na mvua haikukatika. Ilinyesha hiyo, ikanyesha, mpaka adhana ya magharibi haikusikika vizuri. Nilikinga tena bakuli baadaye kidogo, sikuchelewa sana, na ua lilionekana jekundu kama limechorwa siku ileile. Kama ningengoja muda wa kumaliza kikombe cha chai, birika lingejaa maji safi matupu. Lilijaa hata likafurika, lakini chini yake kuna yale ya kwanza, niliyoyaingiza mimi.

Madam alipokuja alichota, akanusa, akayainua kwenye mwanga.

"Bakuli ulilitazama, dada?"

"Nililitazama."

Ningeweza kuishia hapo, na isingekuwa uongo. Nikaongeza, "Ua sikuliona. Nilifungua hivyo hivyo."

Aliyamwaga yale aliyochota. Halafu akasema, "Basi tutatia dawa, na wachemshe," akaenda botini kuchukua dawa. Hakunigombeza. Watoto wawili wa nyumba za upande wa msikiti waliharisha wiki ile. Maembe mabichi pia yalikuwa yameanza, na watoto hawayaachi, kwa hiyo siwezi kusema ni maji. Wala siwezi kusema si maji. Wamepona, alhamdulillahi.

Niliwaambia wanawake kuwa kosa ni langu, kwamba siku ile ya kwanza nilifanya sawa na hii ya pili ndiyo nimeharibu. Hawakutaka kusikia. "Wacha hayo," aliniambia yule wa utani wa mbuzi. "Sasa ndiyo umekuwa mtu wetu." Wamenipa samaki wa kupeleka nyumbani. Nahodha ameacha utani wake wa bahari, sasa ananiita mama wa mvua, na huo ndio unaoniuma zaidi.

Juzi nilikaa jikoni kwa shangazi. Kuni Ndau ni za kutafuta, na magoti yake si ya kutafutia kuni. Alibandika birika la chai, na lilipoanza kutoa mvuke akanyoosha mkono kuliteremsha.

"Bado, shangazi. Liache litokote sana."

"Kuni zangu zaisha."

"Najua."

"Na yanuka hospitali haya mai yako."

"Najua, shangazi."

Akarudisha mkono. Tukakaa kulitazama, nami nikausogeza ukuni wake wa mwisho ndani ya moto.