Papa Kwenye Lango la Uwanja

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, kule Lubumbashi nilikozaliwa, nikiwa bado msichana mdogo. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa haoni. Ugonjwa wa macho ulimchukulia nuru kabla sijaanza shule, lakini mapenzi yake ya mpira haukuyagusa. Kila timu yetu ilipocheza nyumbani alivaa koti lake la kijivu, akaweka mkono begani mwangu, tukaenda kwa miguu hadi ule uwanja wa zamani wenye ngazi za saruji zilizopasukapasuka. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilimwambia nani ana mpira, nani ameanguka. Mengine aliyajazia kwa masikio. Wakati mwingine alipiga kelele "Goli!" kabla yangu. Sijui alisikiaje. Ngoma, vumbi, harufu ya karanga, watu wazima wakilia kama watoto! Mpaka leo, nikipita karibu na uwanja hapa Durban siku ya mechi, moyo hunidunda.

Jumapili hiyo tulikuta mlinzi mpya langoni. Alimtazama Papa, akacheka.

"Mzee, unakuja kuona nini? Nafasi iko ya wenye macho. Rudi nyumbani."

Watu nyuma yetu wakacheka pia. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamvuta Papa mkono, "Twende, Papa." Hakusogea.

"Kijana," alisema polepole, "mimi nimekuja kwenye mpira, na tiketi iko mkononi."

Mlinzi akamsukuma pembeni. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini Papa aliutawala wake. Hakutukana. Alikunja koti, akalikalia kando ya lango, nami nikakaa. Jua lilituchoma mechi nzima. Tulisikia uwanja ukilipuka kwa goli, na hatukujua nani kafunga. Nililia. Papa akanipangusa machozi kwa kiganja. "Mechi ijayo," akasema, "tutakuja mapema zaidi."

Tukaja. Tukazuiwa. Tukakaa palepale.

Tuliporudi tena, mama mmoja muuza karanga, ambaye alikuwa ametuona siku zote hizo, alisimama mbele ya mlinzi na beseni lake kichwani. "Huyu mzee asipoingia," akasema kwa sauti, "nami siingii." Aliyekuwa nyuma yake akasema naye haingii. Kisha mwingine. Watu wakasimama wote, makofi yakaanza, na mlinzi, jasho likimtoka, akafungua. Papa alipita ameinua kichwa. "Asante, kijana," akamwambia, bila kejeli hata kidogo.

Tulifungwa siku ile, tena vibaya. Lakini Papa aliimba njia nzima.

Nakuambia haya, Neema mjukuu wangu, kwa sababu jana ulirudi kutoka kiwanjani hapa Albert Park, ukatupa viatu vya mpira nyuma ya mlango, ukaniambia mimi bibi yako, "Eish, Koko, yule kocha amesema timu yake haichukui watoto wa wageni. Naacha."

Usiache. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu akikuambia hapa si pako, usimtukane, wala usimwamini. Leo nafunga saluni yangu mapema, tunaenda wote wawili. Akikukataa tena, utafanya mazoezi kando ya mstari, mbele ya macho yake, na kesho vilevile. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mimi magoti yananiuma, lakini kukaa chini najua, nilifundishwa. Ukishaingia, msalimie kocha kwa heshima, kisha ucheze mpaka asahau alisema nini. Na siku ukimwona mwingine amezuiwa langoni, Mkongo, Mzulu, yeyote, usipite kimya ukashukuru kwamba si wewe.

Mungu akupe miguu isiyochoka na moyo usio na chuki. Akubariki uingiapo na utokapo, mwanangu. Amina.