Jiwe Jeusi la Mama

Mama yangu hukanda wazazi hapa Msuka. Mwanamke akishajifungua, huitwa yeye na jiwe lake jeusi: hulipasha moto makaani, hulifunga kwenye kanga, humkandia mzazi tumbo na kiuno siku arubaini. Jiwe hilo aliachiwa na bibi yake. Kwetu mawe ni meupe. Jingine kama lile hatujaliona. Na nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, mwezi wa nane, lilikuwa limeshatia ufa.

"Wewe si mwalimu wa sayansi?" akaniuliza. "Nambie hili jiwe gani, nitafute mwenziwe kabla hujajifungua."

Jina lake silijui mpaka leo. Lakini joto ambalo jiwe lile hubeba ningeweza kulipima, nikalitafutia la kulingana nalo, na hapo hamu ikanipanda. Nikaazima mizani na kipimajoto shuleni, nikachukua hotpoti ya wali, mama kanuna, nikatia maji ya baridi niliyoyapima. Jiwe nikalichemsha, nikalihamishia humo, mama kafumba macho kwa ajili ya ule ufa. Nikasoma maji yamepanda nyuzi ngapi. Joto lililotoka jiweni ndilo lililoingia majini, hesabu nyepesi.

Kisha nikachemsha jiwe la tumbawe la uani, uzito uleule. Lo, likalipita jeusi mbali! Nikajigamba: mama kahangaika bure, na mawe haya yamejaa tele. Akalitoa hotpotini, akalitikisa, maji yakachuruzika.

"Limekunywa maji ya moto, mwanangu. Umepima maji hayo. Hujaona mafundi wakiyanywesha mawe haya maji kabla ya kuyatia chokaa?"

Niliona haya. Kosa hilo mwanafunzi wangu nisingemsamehe. Nikatafuta jiwe zito lisilokunywa, na jikoni lilikuwamo moja: lile dogo la kusagia pilipili na bizari, limelala tangu niliponunua blenda. Nikalipima mara tatu. Likaja karibu sawasawa na jeusi. Mama akasema jiwe la jikoni halimkandi mzazi, akalirudisha.

Nilijifungua salama. Siku ya tisa jiwe jeusi likapasuka makaani, vipande viwili. Sijui ni makaa au ni maji yangu yaliyolimaliza. Mama alikaa kitako akalia, nami nikalia kwa kumwonea huruma na kwa kujilaumu. Baadaye akainuka, akaenda jikoni.

Kanga iliponigusa tumbo, chumba kizima kilinukia bizari.

"Linatosha?" akaniuliza, bila ya kunitazama.

Nikamwambia linatosha.