Aliyeniuliza Maswali Ghorofani

Mwanangu, ipo alasiri moja ya Kilwa Kivinje ambayo mpaka leo, ikinijia nikiwa peke yangu jikoni, huwasha redio ili nisikie sauti ya mtu. Sijawahi kuisimulia yote. Nakusimulia wewe kwa sababu nimeona unavyosoma siku hizi, simu mkononi, kahawa pembeni, macho mekundu kama ya mtu anayepikia kuni mbichi. Na kwa sababu juzi uliniambia, huku ukicheka, kwamba umeanza kusikia mtu akikuita na ukigeuka humwoni. Mimi sikucheka.

Nilikuwa kidato cha nne. Mama yangu, mzaliwa wa Tingi, alikuwa akikaanga samaki na kuuza hapo Kivinje, na sisi watoto tulijazana kwenye chumba kimoja. Kusoma humo ilikuwa kazi bure. Mitihani ya mwisho ilikuwa imekaribia, nayo haikuja mmoja mmoja ukapata nafasi ya kupumua. Ilikuja kwa mkupuo. Asubuhi Hisabati, mchana Jiografia, kesho yake Baiolojia, na Kemia inakusubiri nyuma yake. Shule ikatupa ruhusa tujisomee nyumbani. Mimi na rafiki yangu Somoe tukaanza kutafuta mahali penye utulivu.

Tulipapata kwenye nyumba moja ya zamani karibu na pwani, ya ghorofa moja, kuta za mawe na chokaa. Wenyewe walikwishahama siku nyingi. Juu kulikuwa na vyumba viwili. Cha mbele sakafu yake ilikuwa nzima na dirisha lake liliingiza upepo mzuri. Cha nyuma boriti zilikuwa zimeoza, na katikati ya sakafu palikuwa na shimo ambalo ng'ombe angeweza kupita akaangukia kwenye vifusi huko chini. Kila mtoto wa Kivinje alilijua shimo lile. Sisi tulitandika mikeka yetu miwili chumba cha mbele, tukawa tunasoma na kuulizana maswali.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Somoe hakuweza kukaa kitambo bila kucheka, na mimi nikicheka nilikuwa nakumbuka nilichosoma. Kisha hofu ikaniingia. Nilifungua kitabu cha Kemia nikaona sijui kitu, nikafungua cha Historia nikaona nacho kimenitoka. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyosahau. Nikaamua kupunguza usingizi. Nikaamua pia chakula cha mchana kinapoteza muda. Mama akiniwekea, nilikuwa nasema nimekula kwa kina Somoe. Mikono ilianza kutetemeka nikishika kalamu, nikafurahi, nikadhani hiyo ndiyo dalili ya juhudi.

Ni katika siku hizo Somoe alipobadilika.

Aliacha kucheka. Nikipanda ngazi nilikuwa namkuta amekwishafika, ameketi, kanga amejifunika mpaka miguuni. Hakuja tena na kitabu. Aliuliza tu, swali juu ya swali, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Nikijibu sawasawa alisema, "Bado." Nikikosea alisema, "Bado." Siku moja nilisinzia, akaniambia, "Wenzako hawalali." Nikaona aibu, nikakaa wima. Ajabu ni kwamba sikushangaa. Nilimwona mwenye bidii kuliko mimi, nikajilaumu zaidi.

Halafu akahamia chumba cha nyuma. "Huku kuna upepo," alisema. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikawa nakaa pale kizingitini na yeye ndani, upande wa pili, kwenye kivuli cha ukuta.

Sasa hiyo alasiri yenyewe. Jua lilikuwa kali, watu wametoka kuswali, nasikia kabisa mtu akipasua kuni nyumba ya jirani. Haikuwa giza, mwanangu, nilikuwa naona kila kitu. Aliniuliza damu inapitaje ndani ya moyo. Nikaanza kujibu, nikachanganya vyumba vya moyo, nikaanza upya, nikachanganya tena. Machozi yakanitoka.

Akasema, "Njoo huku nikuchoree."

Nikasimama. Kichwa kilikuwa chepesi, kama si changu. Nikaanza kumwendea.

Ndipo sauti ikaita kutoka chini, barabarani.

"Hadija! Wee Hadija!"

Ilikuwa sauti ya Somoe.

Nikasimama hapo hapo. Nikamtazama aliye mbele yangu. Uso ulikuwa wa Somoe, kanga ilikuwa ya Somoe.

"Usiitike," akasema. "Yule si mimi."

Mwili wote ulinisisimka. Unajua tunavyolelewa huku kwetu: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usikimbilie kuitika. Na mimi huyu nilikuwa namwona, yule simwoni. Kwa akili yangu ya siku ile, wa kuaminiwa alikuwa huyu.

Yule wa chini akaendelea, tena kwa hasira. "Shoga, una roho gani wewe? Siku zote hizi naumwa, nimekanyaga msumari, hata kuja kunijulia hali! Haya shuka, mguu unaniuma, ngazi siziwezi. Mama yako kanipa mihogo na samaki nikuletee. Unamdanganya unakula kwetu; amekuja kuuliza, kumbe hujala hata siku moja. Shuka ule, vinapoa!"

"Bado swali moja," akasema huyu wa mbele yangu. "Njoo."

Sikuwa na akili ya kupambanua majini na watu. Nilichojua ni kwamba mmoja amechechemea njia nzima kuniletea chakula, na mwingine, tangu nianze kusoma naye humo, hajawahi hata kuniuliza kama nina njaa. Nikafumba macho, nikapaza sauti: "Abee, Somoe! Nakuja!"

Nilipofumbua macho, chumba kilikuwa kitupu. Vidole vya mguu wangu wa kulia vilikuwa hewani, juu ya shimo.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka Somoe akiwa amekaa barazani, mguu umefungwa kitambaa, bakuli mapajani, na nilivyomshika mkono nikamminyaminya mpaka akasema, "Unaniumiza, una nini?" Nilikula ile mihogo huku nikilia. Kisha nikalala kwetu, nikalala kuanzia jua likiwa juu mpaka kesho yake.

Nilipoamka niliwaeleza kidogo yaliyonikuta, na babu yake Somoe, Mzee Mfaume, akanichukua tukapanda wote. Mama naye akaja, hakutaka kubaki nyuma. Chumba cha mbele mkeka wangu ulikuwa safi. Wa Somoe ulikuwa na vumbi, haujakaliwa siku nyingi. Chumba cha nyuma, juu ya vumbi jeupe la chokaa, tuliona nyayo. Zilikwenda hadi ukingo wa shimo, zikarudi, zikaenda tena, zikarudi. Nyingine zilikuwa za siku nyingi, vumbi limeanza kuzifunika. Mzee Mfaume akaniambia niweke mguu wangu juu ya wayo mmoja.

Zote zilikuwa zangu.

Mzee akasoma dua kimya kimya. Mama hakusoma kitu. Alinigeuza nimtazame, akasema, "Hadija, mtihani ukiukosa, mwakani upo mwingine. Wewe nikikukosa, mwingine nikamtafute wapi?"

Watu wa mtaani walisema jini. Baadaye nilisomea uuguzi, nikajifunza kwamba mtu asiyelala wala kula huweza kuota macho wazi. Naamini hivyo. Nimewaambia wagonjwa hivyo miaka mingi. Ila sijapata kuipita tena nyumba ile nikiwa peke yangu.

Tulirudi kusoma, lakini barazani kwa kina Somoe, kuku wakitupitia miguuni. Mama alinitengea chakula na kusimama hapo mpaka nimalize. Magumu tuliyasoma asubuhi, mepesi jioni, na usiku taa ilizimwa. Mitihani ilipoanza tulishika wa kesho tu, ule wa keshokutwa tukauacha na siku yake. Tukitoka chumba cha mtihani hatukuulizana nani kajibu nini. Hisabati nilifeli, usidhani mambo yote yalinyooka. Masomo mengine nilifaulu, yakanipeleka kwenye uuguzi. Somoe alifaulu kunizidi, akawa mwalimu huko Kitomanga, na mpaka leo ananisimanga kwamba sikwenda kumtazama alipoumia.

Basi nisikilize. Soma, tena soma sana, lakini kula kwa wakati na ulale. Masomo ni mengi, kichwa ni kimoja. Kipe somo moja kwa saa yake. Usijifungie peke yako, na anayekuuliza umekula usimnunie. Ndani yako ikisema sauti kwamba hujui kitu, kwamba wenzako hawalali, kwamba bado, bado, bado, usibishane nayo wala usiifuate. Inuka, nenda kwa mtu, mwambie. Ukiona aibu, njoo kwangu, hata kama sina jibu la Kemia.

Mola akutulize moyo, akufungulie kifua uelewe unachosoma, aushike mkono wako unapoandika, akurudishe nyumbani na afya yako. Ufaulu inshallah. Na usipofaulu, mlango huu ni wako, na wewe ni mwanangu.